Kipindi chako cha muziki wa mubashara kinaanzia mazoezini

Swali: Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni binti, mtangazaji kijana katika redio ndogo hapa Chake Chake, Pemba. Mkuu wa vipindi amenipa saa mbili kila Alhamisi, kuanzia saa tatu usiku, niendeshe kipindi cha muziki unaopigwa mubashara studio. Anataka mchanganyiko: taarab, kidumbak, ngoma zetu za Pemba, Zenji flava (muziki wa kizazi kipya wa hapa Zanzibar), hata vijana wanaopiga jazi. Studio yetu ni chumba cha hatua tano kwa sita, mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ina matundu manne ya maiki, na fundi mitambo ni mmoja. Nina hofu na wasikilizaji. Mpenzi wa taarab atazima redio ikiingia Zenji flava, na kijana wa Zenji flava hatangoja udi umalize. Nizipange vipi nyimbo, na ninunue maiki gani?

Jibu: Waalaykumu salaam, mwanangu. Umeuliza mambo mawili, mpangilio wa nyimbo na maiki za kununua. Majibu ya yote mawili utayapata pahala pamoja ambapo hukupataja: kwenye mazoezi ya wapigaji, wiki moja kabla hawajakanyaga studio yako. Nimeendesha kipindi cha namna hii miaka kumi na minne hapa Unguja, na nikizikumbuka nyusiku zilizoniharibikia, karibu zote ni zile ambazo sikwenda mazoezini.

Kabla ya hayo, tuzungumze siku. Alhamisi usiku ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Watu wana nyiradi zao, kuna maulidi, kuna kasida, na nyumba nyingi redio inazimwa au inaachwa kwenye Qur'ani. Utapiga kidumbak kizuri kuliko vyote na simu za wazee zitaanza kabla ya saa nne. Mwendee mkuu wako kwa adabu umuombe siku nyengine. Usiombe Jumamosi wala Jumapili, kwa sababu wapigaji wako harusini na redio ndogo haiwezi kuwalipa kama harusi. Omba Jumatano. Mimi nilikaa Jumatano miaka yote ile, na sikuwahi kukosa wapigaji.

Sasa mazoezi. Nenda na daftari, saa na futikamba. Kinasa sauti kiache nyumbani safari ya kwanza, maana kikishatolewa watu huacha kufanya mazoezi wakaanza kukipigia kile kinasa. Kaa pembeni, kunywa chai uliyokaribishwa, sikiliza. Andika wako wangapi, kila wimbo unachukua dakika ngapi, chombo gani kinasikika kuliko vyote bila ya maiki, na mwimbaji anamtazama nani anapotaka kuingia.

Hilo la mwisho nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilimweka mwimbaji wa taarab pembeni, nyuma ya pazia zito, nikitaka sauti yake isichanganyike na fidla. Sauti ilitoka safi kweli. Lakini kila ubeti alichelewa kuingia, kidogo tu, kiasi cha kope kupepesa, na wimbo mzima ukawa unachechemea. Tulipokwenda kwenye habari nikamuuliza kuna nini. Akanambia, "Mimi simuoni wa fidla. Huwa naingia upinde wake ukinyanyuka." Nikalivuta pazia, nikakubali fidla iingie kidogo kwenye maiki yake, na ubeti wa kwanza baada ya habari ukakaa sawasawa. Tangu hapo, nikifika mazoezini kitu cha kwanza ninachochora ni mishale: nani anamtazama nani. Ukiwapanga watu studio, mishale hiyo isikatwe na stendi, na pazia wala na mgongo wa mtu.

Urefu wa nyimbo unauandika ili usije ukazikata. Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri za wakati ule zilichukua dakika tatu na kitu kwa kila upande, na wimbo ulilazimika kuingia humo. Wewe una dakika 120. Wimbo wa taarab asilia, ukiuhesabu na muziki wake wa kutangulia, beti na viitikio, ukumbini unaweza kwenda robo saa, na msikilizaji wa taarab ndivyo anavyoutaka: anangoja ubeti wa mwisho aone fumbo limefunguka vipi. Ukimkatia ubeti wa tatu umemnyima kile alichokaa kukingoja. Kwa hiyo kaa na chumba cha habari mapema. Waombe taarifa ya saa nne isomwe wimbo ukishamalizika, hata ikichelewa dakika nne au tano. Wakikataa, basi dakika kumi kabla ya saa nne usiweke wimbo kabisa, weka mazungumzo, kwa sababu mazungumzo hukatika bila ya kumuumiza mtu.

Tuje kwenye hofu yako, kwamba kila mtu atazima redio pakiingia muziki usio wake. Ni hofu ya haki, na kama utaziweka nyimbo kama anayemwaga kapu la sokoni, ndivyo itakavyokuwa. Lakini mimi nimewasikiliza wasikilizaji wangu muda mrefu, kwenye simu na kwenye baraza, na nimeona wanaondoka pale ambapo wimbo mmoja umekwisha na unaofuata hauna hata kitu kimoja walichokishika. Ukimuachia sikioni kitu kimoja tu, chombo, mwendo, lahani au neno, anavuka nacho. Kazi yako unapopanga ni kukitafuta kitu hicho, na hukipati kwenye orodha ya majina ya bendi. Unakisikia mazoezini.

Nikupe mfano wa usiku mmoja kama ningeupanga mimi kwa studio yako. Saa tatu kamili, udi peke yake. Usisalimie, usitaje jina la kipindi, acha dakika tatu nne za udi. Halafu ndiyo useme assalaam alaykum na umtaje mpigaji. Wanaingia wenzake: fidla, ganuni, dumbak na mwimbaji. Nyimbo mbili za taarab asilia, hiyo ni karibu nusu saa. Wimbo wa pili uchague kwa makusudi uwe ule ambao kundi la kidumbak linaujua. Kidumbak, kama unavyojua, kimekua pembeni ya taarab. Nyimbo ni zile zile, lakini mwendo umekazwa ili watu wacheze. Basi taarab inapomaliza wimbo huo kwa utulivu wake, zungumza na mwimbaji dakika tano wakati wengine wanabadilishana nafasi, halafu kidumbak kiuanze wimbo ule ule kwa mwendo wake. Yule bibi anayependa taarab hatozima, kwa sababu wimbo ni wake. Na kijana aliyekuwa akingoja tayari ameanza kutikisa mguu.

Kutoka kwenye kidumbak kwenda jazi, daraja lako ni sanduku. Sanduku ndilo besi la kidumbak: boksi la mbao, fimbo na kamba moja. Muombe mpigaji wake asiondoke. Kijana wa gitaa aanze juu ya mdundo wake, wapige wawili hivyo dakika tatu, halafu wengine waingie. Nimelifanya hili mara nyingi na halijapata kunivunja moyo, kwa sababu wote wawili wanajua kazi ya besi ni nini na hawahitaji maelezo.

Lakini kitu ambacho kwa kweli ningekisafiria na boti kuja kukisikia ni hiki, na nyinyi Pemba mnacho mlangoni: kibati. Kibati ni maneno yanayorushwa haraka, mengine yanatungwa pale pale, ngoma inakwenda chini yake na wenzake wanaitikia. Mweke kijana wa Zenji flava anayejua kughani, bila ya biti ya kompyuta, gitaa moja tu. Anapomaliza, kibati kipokee. Msikilizaji wa miaka 20 atasikia kwamba wazee wa kijijini kwao walikuwa wakirusha maneno hivi zamani, na mzee atasikia kwamba kijana huyu hajaokota kitu cha watu. Usiwaambie haya hewani. Waache wasikie wenyewe.

Kuna uvukaji mmoja utakaokushinda usipouangalia. Taarab inatumia maqamu, ngazi za sauti za Kiarabu, na baadhi yake, Rasti na Bayati kwa mfano, zina sauti zinazokaa katikati ya vibao vya kinanda, ndizo zinazoitwa robo. Udi, fidla na nai huzipata, kwa sababu hakuna kitu kinachokizuia kidole au pumzi. Ganuni huzipata kwa vijichuma vyake vya pembeni. Kinanda cha kawaida cha vijana hakizipati, na gitaa lenye vizuizi vya chuma shingoni pia halizipati. Ukiwaweka pamoja kwenye Bayati, mmoja wao ataonekana anakosea, na kila mtu atadhani ni mwengine. Ukitaka udi na kinanda wakutane, waombe wachague Nahawandi, ambayo inakaribiana sana na ile ngazi ya sauti wapiga gitaa wanayoiita maina (minor). Wazee wa taarab watakuelewa mara moja ukiitaja. Ukishindwa kuitaja, waambie tu, "tafuteni wimbo usiokuwa na robo."

Sasa studio yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chumba chako ni kidogo na hilo si baya kama unavyodhani.

Unguja ilikaa bila ya umeme tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Kituo nilichokuwa nikifanyia kazi kilikwenda kwa jenereta, na mafuta yalikuwa ya kubana. Tuliambiwa tuzime viyoyozi na vifaa vyote visivyo vya lazima. Mimi nilibakiwa na maiki mbili, taa moja na feni, nayo feni tuliizima tukiwa hewani kwa sababu ilivuma. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwekea kila mpigaji maiki yake na kuhangaika na vitufe saa mbili nzima. Miezi ile mitatu nilianza kupanga watu badala ya vitufe. Mwenye sauti kubwa anarudi nyuma, mwenye sauti ndogo anasogea mbele, na tunasikiliza mpaka tukae sawa. Ni hesabu nyepesi: mahali pa wazi, ukiuzidisha umbali wa chombo mpaka kwenye maiki mara mbili, sauti yake inashuka kwa desibeli 6 hivi. Chumbani hushuka pungufu, kwa sababu kuta zinairudisha, lakini hatua moja ya mpiga ngoma bado inafanya kazi kubwa kuliko kitufe.

Na jambo la pili tulilolikuta miezi ile lilikuwa la ngozi. Vidumbak hupashwa moto ili ngozi ikaze na sauti ipande. Wapigaji hufanya hivyo nje, kwa makumbi na magazeti, wanaigeuza ngoma juu ya moto mdogo, wanaigonga kwa kidole, wanasikiliza, wanairudisha tena. Zamani nilikuwa nikiwapokea vidumbak vyao vikiwa vinalia kama kengele, nawaingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi, na kufikia wimbo wa pili sauti imekwishabadilika, wanatazamana. Kwenye giza lile, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, ngoma zilikaa na sauti yake karibu nusu saa. Kwa hiyo kizime kiyoyozi saa moja kabla ya kipindi na ukiache hivyo mpaka mwisho. Mtatokwa na jasho, weka maji na taulo. Watengee wapigaji pembe ya uani ya kuwashia moto, na mwambie mlinzi mapema, maana mlinzi wetu aliwahi kumwaga ndoo ya maji juu ya makumbi.

Ganuni nayo ina tabia hiyo hiyo. Ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekalia ngozi. Ikitoka kwenye joto la gari ikaingia kwenye baridi, zote zinahama. Mpigaji aje saa moja na nusu usiku, akiweke chombo chumbani nusu saa bila ya kukigusa, halafu ndiyo aanze kukaza. Mpe chumba kimya. Usimletee mtu wa kupiga naye picha.

Kwa kidumbak kwenye chumba chako, hivi ndivyo ningefanya. Tandika busati au zulia, na mkeka juu yake. Waketi nusu duara. Maiki ya kwanza kwa mwimbaji, shubiri moja kutoka mdomoni. Maiki ya pili katikati ya fidla na vidumbak, lakini ielekee fidla, kwa sababu vidumbak vitaingia vyenyewe. Ya tatu kwenye sanduku. Cherewa, zile za kutikisa, na mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, zisipewe maiki kabisa. Zitasikika kila pahala, na mwenye cherewa akae nyuma ya wote. Tundu la nne ni lako wewe, mtangazaji. Kisha pima kwa mkono: kama maiki ya mwimbaji iko shubiri moja kutoka mdomoni, maiki iliyo jirani iwe angalau shubiri tatu kutoka kwenye hiyo. Zikikaribiana zaidi ya hapo sauti moja inaingia kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo, zinakulana, na mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi.

Sanduku linataka uangalifu. Fundi wako atavutiwa na ule mvumo wa chini, ataiweka maiki mbele ya mdomo wa boksi, na kwenye spika kubwa za studio itamfurahisha sana. Lakini msikilizaji wako yuko Wingwi au Kangani na redio ndogo ya betri au spika ya simu, na spika ile haiwezi kuutoa mvumo huo. Atasikia kimya mahali pa besi. Isogeze maiki juu, karibu na pale vidole vinapoivuta kamba, ili mshindo wa kamba uingie pamoja na sauti. Sikio likipata mshindo na sauti za juu za kamba, linaijaza ile ya chini lenyewe. Ndiyo maana nakuomba uweke redio ndogo ya betri kwenye chumba cha pili, na umtume mtu akaisikilize kila baada ya wimbo. Hedifoni zinadanganya.

Ngoma zenye watu wengi zitoe nje. Kibati au msewe havienei kwenye hatua tano kwa sita na si haki kuvibana. Pitisha waya dirishani, waweke uani. Kwa msewe, maiki moja iwe ya usawa wa kichwa kwa nyimbo, na moja iwe shubiri tu kutoka ardhini, kwa sababu ile misewe wanayofunga miguuni ndiyo nusu ya muziki na maiki ya juu haiisikii. Pakiwa na zumari, mwenye zumari akae mbali kuliko wote na asielekee maiki yoyote. Kunguru na pikipiki vikiingia, viache. Nilikuwa nikivichukia, sasa navipenda, vinamwambia msikilizaji kwamba hii inapigwa sasa hivi na inapigwa kwao.

Kuhusu kununua, ni machache. Maiki nne za dainamiki za kawaida, zile ngumu ambazo kila fundi anazijua, zinakutosha mwaka wa kwanza. Maiki za kondensa zinachukua sauti kwa upole zaidi na udi huzipenda, lakini zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, na unyevu wetu wa masika huzifanya zitoe mikwaruzo. Ukipata moja, ifungie kwenye kopo pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Pesa inayobaki nunua stendi nzito na waya mzima. Nyusiku nyingi zinaharibiwa na waya kuliko na maiki. Na mkipima sauti, acha nafasi ya desibeli 12 kabla ya kikomo, kwa sababu taa nyekundu ya kuwa hewani ikiwaka kila mpigaji ataongeza nguvu. Sijamuona hata mmoja asiyeongeza.

Spika ndani ya studio usiweke. Mwaka 2008 redio ya NPR ya Marekani ilianza kuwaalika wanamuziki wapige ofisini, kwenye meza ya mtangazaji wao wa wakati ule, Bob Boilen, na hapo sauti ya mwimbaji haikuzwi chumbani. Wapigaji wanalazimika kushuka mpaka wamsikie mwenzao kwa masikio. Vijana wako wa Zenji flava, waliozoea spika, watalalamika wimbo wa kwanza. Wape wimbo wa pili.

Wewe mwenyewe sasa, na mdomo wako. Usizungumze juu ya muziki wa kutangulia. Usimuulize msanii alizaliwa wapi na alianza lini. Majibu hayo watu wameyasikia. Muulize kuhusu kitu kilicho mkononi mwake: kwa nini uzi huu umefungwa upya, nani alimuonesha kuwamba ngozi hii, kwa nini ubeti wa pili ameuimba chini. Hapo watu husogeza redio karibu. Na sema unachokipenda, kwa dhati. John Peel wa BBC alikaa hewani kwenye Radio 1 tangu ilipoanza mwaka 1967 mpaka alipofariki mwaka 2004, na usiku mmoja ungeweza kusikia kwake rege, panki ya Uingereza na Bhundu Boys wa Zimbabwe. Watu walikaa naye kwa sababu walijua kila alichokiweka alikiweka kwa kuwa yeye mwenyewe kilimgusa. Ukileta kundi usilolipenda kwa sababu mkuu wako amelitaka, sauti yako itakusaliti.

Taarab ya mipasho inapoingia, usijaribu kumtafsiria mtu nani amepigwa kijembe. Shairi limefumbwa na mwenye kulitunga. Wewe ukilifumbua kwenye Chake Chake, ambako kila mtu ni jamaa wa mwenzake, umeingia kwenye ugomvi wa nyumba mbili.

Yapo ambayo nakuomba usiyachanganye. Nyimbo za unyago zinaweza kupigwa hewani, marehemu Bi Kidude aliipandisha ngoma hiyo majukwaani dunia nzima, lakini nyengine ni za ndani, za wanawake kwa wanawake. Wewe ni mwanamke, unaweza kwenda kuzungumza na makungwi mwenyewe. Waulize ipi inatoka na ipi haitoki, na wakisema haitoki, haitoki. Maulidi ya homu na kasida zipe usiku wake, usiziweke baada ya rusha roho hata kama matari yanafanana na mdundo. Wale waliopiga magoti pale wamo kwenye ibada. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, ngoma na taarab zinapumzika. Hapo ndipo kipindi chako kiwe cha kasida, baada ya tarawehe.

Karatasi usizisahau. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kupigwa mubashara hakumuondolei mtunzi wa wimbo haki yake. Andika kila usiku jina la wimbo, mtunzi na wapigaji wote, mpaka wa cherewa. Walipe nauli na chakula hata kama hakuna kingine, na uwape kabla ya kupiga.

Na rekodi kila kitu, faili kamili isiyobanwa, yenye tarehe na majina yale yale ya daftarini. Wapigaji wasiondoke bila ya nakala kwenye flashi. Mwaka mmoja mpiga sanduku wa kundi nililokuwa nikilialika alifariki, na mwanawe alikuja kwangu kuulizia kama ipo sauti ya baba yake. Ilikuwapo, dakika tatu zile za sanduku na gitaa. Alizisikiliza pale pale mezani kwangu, mara nne.

Anza kutafuta kundi la kibati wiki hii, kwa kuwa hao ndio wagumu kuwakusanya. Ukishapanga usiku wa kwanza, niletee orodha na urefu wa kila wimbo kabla hujaingia hewani, pamoja na ile michoro ya mishale. Nitaisoma.